Kitambaa cha Kumi na Mbili

Mama Cherehani, jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, husimulia kwamba baba yangu aliifungua injini nzima isiyo na kasoro kwa sababu alimsikia marehemu mke wake akimwita kutoka ndani yake. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, amelaza sikio juu ya chuma, anaitikia naam, naam. Huwaeleza hivyo wateja wanaokuja kupimwa nguo. Mara nyingi huwa na sindano tatu mdomoni, lakini sindano hazijawahi kumzuia kusema.

Si kweli. Hakuna aliyeita kutoka ndani ya injini. Kulaza sikio alilaza, hilo silikatai, na injini aliifungua mpaka vyuma vikajaa meza mbili na nusu ya sakafu. Ila sababu yake ninaijua mimi, maana nilikuwa nimeificha ndani ya foronya ya mto wangu.

Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tuliishi wawili tu, baba na mimi, katika vyumba viwili nyuma ya gereji yake. Kila siku nikitoka shule nilivua sare, nikala chakula nilichokikuta kimefunikwa sahani, nikaosha sahani hiyo moja, kisha nikaenda gereji. Baba alikuwa ameshakula peke yake. Mimi nilikula peke yangu. Hatukugombana, wala hakunikaripia. Ni kwamba tangu mama alipofariki, mwaka mmoja na nusu kabla ya hapo, maneno ya baba yalikuwa yamepungua kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Yalibaki ya kazi: lete spana namba kumi na nne, inua taa, shika hapa. Mama hakutajwa. Shangazi alikuja baada ya mazishi akalifungua kabati la mama, akafunga kila kitu kwenye magunia, na kabati likabaki na hanga tupu zinazogongana mlango ukifunguliwa.

Nilikuwa na mengi ya kuuliza. Nilianza kusahau sauti ya mama, nikawa nataka mtu anikumbushe. Lakini niliogopa kwamba nikiuliza, hata yale maneno ya spana yatakwisha.

Katikati ya gereji lilikaa gari la baba mwenyewe. Lilikuwa gari la spoti, la milango miwili, jekundu lililopauka, limeinamia mbele kama paka anayevizia panya. Kwa umbo lilikuwa la mbio. Kwa mwendo lilikuwa la kusikitisha. Kwenye mlima, mabasi ya shule yalilipita, na watoto walitupungia mikono dirishani. Dereva wa teksi tuliyemwita Bwana Breki, kwa sababu kila alipokuja alisema breki zake zinalia, alikuwa akilizunguka gari hilo na kutikisa kichwa. Alisema limevaa viatu vya mkimbiaji lakini miguu ni ya bata.

Kasoro yake ilikuwa moja: injini yake haikuwa na tabo. Tabo ni chombo cha chuma chenye umbo la konokono. Moshi unaotoka kwenye injini hukizungusha, nacho kikizunguka huisukumia injini hewa nyingi zaidi, na injini hupata nguvu ambazo peke yake isingezipata. Baba alikuwa amepata injini yenye tabo kutoka gari la familia lililogongwa ubavuni, la kiwanda kilekile, akaamua kuing'oa ile ya zamani na kuiweka hii.

Usidhani ni kutoa moja na kuingiza nyingine kama betri ya redio. Ilimchukua miezi minne, kila siku baada ya magari ya wateja. Alitengeneza upya vyuma vya kuishikilia injini, maana matundu hayakukutana. Alisogeza rejeta mbele ili konokono yule apate nafasi, akatafuta pampu ya mafuta yenye nguvu zaidi, akakaa wiki nzima akiunganisha waya mmoja mmoja. Hata breki alibadilisha. Nilipomuuliza breki zinahusika vipi na injini, alisema anayeongeza mbio aongeze na pa kuzizuia. Hayo yalikuwa maneno mengi kwake kwa siku moja. Kwa nini alijitesa hivyo kwa gari la zamani, sikujua. Nilidhani analipenda kuliko alivyotupenda sisi, mimi na mama. Wazo hilo nilikuwa nalo kila siku, wala sikuwa na wa kumwambia.

Nami nilikuwa na kazi yangu. Baba aliniita Karani, kwa sababu nilikuwa karani wa vitambaa.

Baba alikuwa na sheria moja ambayo haikuvunjwa. Ukifungua bomba au tundu lolote la injini, huliachi kabla hujaliziba kwa kitambaa. Skrubu ndogo ikidondokea ndani, kwaheri injini. Lakini kitambaa nacho ni hatari kikisahaulika. Tabo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na ikikinyonya kitambaa, mapanga yake hupinda na kuvunjika, na vipande huenda kuimaliza injini. Kwa hiyo kila kitambaa kilichoingia niliandika mstari wa chaki ukutani. Kila kilichotoka nilikata mstari wake. Mwisho baba mwenyewe alihesabu vitambaa ndani ya beseni. Ukuta na beseni vikikubaliana, ndipo moto uwashwe.

Alhamisi moja, saa kumi na nusu, ilikuwa siku ya kufunga injini. Ukutani kulikuwa na mistari kumi na miwili. Baba alichomoa vitambaa kimoja kimoja, akanirushia bila kugeuka, na kila alipochomoa alifunga bomba lake papo hapo. Mimi nilikata mstari na kukitupa kitambaa kwenye beseni. Kimoja, viwili, vitano, tisa. Cha kumi na mbili kilikuwa kimeziba mdomo wa tabo, alikisokomeza mwenyewe nikiwa shuleni, na mstari wake akauchora yeye. Alikirusha, nikakidaka, nikakata mstari wa mwisho. Kisha kitambaa kikajikunjua mkononi mwangu.

Kilikuwa cha bluu, chenye maua meupe madogo kama punje za mchele. Katikati yake kulikuwa na mfuko.

Mfuko ule niliujua. Ulikuwa wa gauni la mama la nyumbani. Nilipokuwa mdogo, mama akinipeleka sokoni na mikono yake yote imeshika vikapu, aliniambia nishike mfuko nisipotee. Nilitia vidole vyangu vinne humo na kutembea naye, na pembe moja ya mfuko ilikuwa imefumuka kwa ajili ya vidole hivyo. Akaishona kwa uzi mweusi kwa kuwa wa bluu uliisha. Uzi mweusi ulikuwapo bado. Gunia moja la shangazi lilikuwa limeishia gereji, na nguo zake zikakatwakatwa kuwa matambara.

Baba alikuwa ameinama, anakaza bomba la mwisho. Nilikunja kile kitambaa nikakitia ndani ya blauzi. Kilinuka oili. Sikufikiri chochote zaidi ya kwamba hakitarudi kwenye beseni.

Baba akanawa, akaja kuhesabu. Kumi na moja. Akahesabu tena, akivitandaza sakafuni kimoja kimoja. Kumi na moja. Akatazama ukuta, mistari yote kumi na miwili imekatwa. Akaniuliza polepole, "Karani, cha kumi na mbili ulikiona kikitoka?"

Hapo ndipo njia zilipoachana. Ningesema ndiyo, angetafuta hapo sakafuni, angenitazama, angekiona kifua changu kimevimba upande mmoja. Nikasema, "Labda nilikosea, baba. Labda nilikata mistari miwili kwa mara moja."

Yeye hakunilaumu. Alisema basi tutafute kwanza. Tukatafuta. Tukasogeza matairi, tukaangalia chini ya meza, nyuma ya mitungi ya gesi. Nilipiga magoti pamoja naye nikamulika taa mahali ambapo nilijua hakuna kitu. Mpaka leo, katika yote niliyofanya, hilo ndilo linaloniona nikipita na kuniita.

Siku ile injini haikuwashwa.

Ijumaa nilipotoka shule nilikuta mabomba yote yamefunguliwa tena. Baba alikuwa anaizungusha injini kwa mkono, kwa spana ndefu, huku amelaza sikio juu ya chuma ili asikie kama kuna kitu laini kinakwaruza ndani. Kila alipodhani amesikia, alijisemea aa, aa. Hayo ndiyo Mama Cherehani aliyoyaona kupitia dirishani. Hakula mchana. Sahani mbili zilikuwa zimefunikwa, yake na yangu, nami nikala yangu nikiitazama yake.

Jioni aliitoa tabo yenyewe akaipasua vipande viwili. Hakuna. Akafungua chombo cha oili kilicho chini ya injini. Hakuna. Akakaa juu ya kreti akitazama mikono yake, mbele na nyuma, kama mtu aliyeiazima. Nilitamani kusema. Mdomo ulifunguka, lakini uongo ukishalala ndani siku moja huwa mzito kuutoa, na kila saa unaongezeka uzito. Nikamwuliza kama anataka chai. Akasema hapana, mwanangu, kalale.

Nililala na kitambaa chini ya shavu. Nilikuwa nimedhani kitanipa harufu ya mama. Kilinipa harufu ya gereji tu.

Jumamosi asubuhi Bwana Breki alikuja na teksi yake. Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba baba ataifungua injini yake wiki ile, kwa kuwa ilikuwa inakula oili. Akaingia kwa kelele zake, akaliona gari jekundu limetawanywa, akauliza kama bata ameanza kutaga. Baba hakucheka. Alimwambia amtafute fundi mwingine.

Bwana Breki alidhani ni mzaha. Alisema miaka kumi na moja hakuna mkono mwingine ulioigusa teksi yake, hata mkewe haruhusiwi kuifungua boneti.

"Fundi anayepoteza kitambaa ndani ya injini asishike gari linalobeba watu," baba alisema. "Nimefungua kila kitu na sijakiona. Kichwa changu hakiko sawa tangu ule msiba, naona nilikuwa najidanganya tu. Nitabaki na matairi na kumwaga oili."

Bwana Breki akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza niliyoiona mimi, hakuna mzaha uliotoka. Alimshika baba bega, akarudi kwenye teksi yake, akaenda zake taratibu bila hata kupiga honi.

Nilikuwa nimesimama penye mlango wa nyuma. Nilichokuwa nimechukua, nilidhani ni kipande cha nguo. Kumbe nilikuwa nimechukua na mikono ya baba. Niliingia chumbani, nikatoa kitambaa kwenye foronya, nikarudi nacho nimekishika mbele yangu kwa mikono miwili. Nikakiweka mezani kati ya vyuma.

"Ni hiki," nilisema. "Kilitoka, baba. Nilikata mstari wake sawasawa. Nilikificha mimi."

Baba alikitazama muda mrefu. Nilingoja kofi au ukali. Alifuta mikono yake kwenye suruali, akaunyoosha ule mfuko kwa kidole, akaufikia ule uzi mweusi, akasimama hapo. Kisha akatia vidole vyake ndani ya mfuko. Viliingia viwili tu.

"Gauni hili nimelikata mimi," alisema. "Kwa mkasi wangu. Sikulitazama hata mara moja."

Alikaa juu ya kreti, akanionyesha kreti nyingine nikae. Sauti yake haikupanda.

"Kukichukua, sikulaumu. Kilikuwa chako, ungeniomba ningekupa, na huenda ningeamka mapema zaidi. Nakulaumu kwa hizi siku mbili. Uliniona natafuta, ukanimulikia taa. Sikiliza, mwanangu, uyashike haya hata nikiwa sipo. Mtu ukimficha ukweli huwa anajaza pengo lake mwenyewe. Mimi nilijaza kwa kusema nimeharibika kichwa. Mwingine angejaza kwa kumshuku jirani kuwa mwizi. Uongo wako ulikuwa mdogo kama kitambaa, lakini umeona ulichofungua."

Nililia. Hakuninyamazisha, wala hakuondoka. Nilipomaliza alinipa beseni na kuniambia adhabu zangu ni mbili. Ya kwanza, tutaifunga injini yote pamoja, na kila nati nitaifuta mimi. Ya pili, niende kituo cha teksi nikamwambie Bwana Breki kwa mdomo wangu, kwa kuwa jina la fundi likichafuliwa halijisafishi lenyewe.

Ya pili ilikuwa ngumu kuliko nati zote. Madereva walikuwa wanne, wamekaa kwenye benchi, na nilisema mbele yao wote. Nilisema baba hakukosea hesabu, nilidanganya mimi. Bwana Breki alinisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia akajikuna. Kisha akasema amesikia injini zinazokula oili na zinazokula mafuta, lakini nguo iliyokula injini ndiyo anaisikia leo. Wenzake wakacheka, nami nikacheka na machozi yangu. Akaniambia nimwambie fundi teksi itakuwa mlangoni Jumatatu, na kwamba breki zinalia.

Mama Cherehani naye nilimweleza. Alisema ahaa, kumbe, akanipa pipi. Kesho yake akaendelea kusimulia habari zake za sauti kama kawaida. Wapo watu ambao ukweli kwao ni kitambaa kifupi, hakitoshi gauni.

Kufunga kulituchukua siku tano. Vitambaa tulivihesabu wawili, kwa sauti, yeye akisema na mimi nikirudia. Ukuta kumi na viwili, beseni kumi na viwili, maana badala ya kile cha mama baba alikata kipande cha shati lake mwenyewe. Kile cha mama nilikifua mara tatu kwa sabuni. Doa la oili halikutoka lote.

Alhamisi, saa zilezile za kumi na nusu, tuliingia ndani ya gari. Baba hakuwasha mara moja. Kwanza alichomoa waya za plagi akazungusha stata injini ikiwa haina moto, ili oili ipande mpaka kwenye tabo, kwa sababu tabo ikizunguka kavu hujiua. Akarudisha waya. Akaketi. Akageuza ufunguo.

Injini ilikohoa mara moja, ikashika. Mtetemo wake ulipanda kwenye kiti mpaka mgongoni mwangu. Baba akakanyaga mafuta kidogo, na kutoka mbele, chini ya ngurumo, ikaja sauti nyembamba ya filimbi, ikapanda, ikashuka. Ilikuwa tabo inavuta pumzi. Ng'ambo ya kichochoro cherehani ikasimama.

Baba alikuwa anatazama mbele kupitia kioo, ingawa mbele kulikuwa na ukuta tu, na mistari yangu ya chaki.

"Mama yako alikuwa analiita duma mwenye moyo wa kobe," alisema. "Siku ya kwanza nilipomleta nalo, tulipitwa na basi la shule. Alicheka mpaka akashika mfuko wa gauni lake. Nikamwahidi nitalitafutia moyo."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kusikia neno hilo, mama yako, kinywani mwake. Nikatia mkono kwenye mfuko wa blauzi yangu, nikagusa uzi mweusi.

"Baba," nilisema, "nisimulie mengine."

Aliizima injini. Gereji ikawa kimya, isipokuwa chuma kilichoanza kupoa, tik, tik, tik. Mikono yake miwili ilibaki juu ya usukani. Nilimwona akitafuta pa kuanzia. Sikurudia ombi langu. Nilikaa kwenye kiti cha mama, nikaangalia ukuta pamoja naye.